Laptopu ya zamani: kabla hujanunua mpya, fungua hiyo kwanza

Mlioko shifti ya usiku poleni, na mlio ofu leo tulieni kidogo, maana hii ya leo ni ndefu lakini inalipa.

Ijumaa moja tulikuwa tumekaa na kaka mmoja hapa Al Wakrah, mlinzi wa zamu, tunakunywa chai ya maziwa. Akatuambia anataka kuchukua laptopu kwa mkopo, riali 1,400, alipe kidogo kidogo. Binti yake kule Eldoret amepata nafasi chuoni na ameambiwa aje na kompyuta. Tukamuuliza, "Kwani ile yako ya siku zote iko wapi?" Akacheka. "Iko chini ya kitanda. Nilipeleka kwa fundi akasema madabodi imekufa, nitoe 450. Hii kitu imeisha, ndugu zangu."

Sasa piga hesabu na sisi. Kima cha chini cha mshahara hapa Qatar ni riali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na mwajiri asipokupa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Mtu wa riali 1,000 akikopa 1,400, amejifunga zaidi ya mwezi mzima wa jasho kwa kitu ambacho huenda tayari anacho chini ya kitanda. Hiyo miezi ya kulipa deni, nyumbani hakuna kinachoenda.

Tukamwambia alete. Tuliifungua siku hiyo hiyo. Makala haya ni yale tuliyoyafanya, pamoja na yale tuliyoyajua kwa kukosea kwenye laptopu zetu wenyewe. Si lazima uwe fundi. Unahitaji subira, mwanga mzuri, na kujua pa kuishia.

Jambo la kwanza kabisa: okoa vilivyomo

Watu wengi hukimbilia skrubu. Usifanye hivyo. Kifaa unaweza kununua kingine, lakini kilichomo ndani hakiuzwi dukani. Yule kaka tulipomuuliza kuna nini ndani, alinyamaza kwanza. Halafu akasema kuna picha na video za mazishi ya mama yake. Alikuwa hapa kwenye mkataba, hakuweza kwenda. Ndugu zake walimtumia, akazihifadhi humo, kisha simu yake ya zamani ikaibwa. Kwa hiyo hazikuwa mahali pengine popote.

Hapo kazi ilibadilika. Laptopu ilikuwa inawaka kwa shida, dakika kama kumi na mbili, na ndani yake ilisikika sauti ya tik, tik, tik. Sauti hiyo kwenye diski ya kuzunguka ni dalili mbaya. Maana yake kile kichwa kinachosoma kinahangaika, na kila unapoiwasha unaipunguzia maisha. Ukiisikia, usianze kufanya ukaguzi mrefu wa diski wala usafishaji wa virusi. Hizo programu zinaikimbiza diski mbovu mpaka inakata roho. Toa kwanza vilivyo muhimu, moja kwa moja, kuanzia na kile ambacho ukikipoteza utalia.

Je, kama Windows haifunguki kabisa? Njia ipo. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi. Kwenye kompyuta ya rafiki, pakua Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi. Ni bure. Iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus, na ujue kwamba kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutika. Ichomeke kwenye laptopu mbovu, iwashe huku ukibonyeza F12, F9, F2 au Esc (inategemea kampuni iliyoitengeneza), chagua iwakie kwenye flashi. Itafunguka bila kugusa diski ya ndani. Sasa fungua faili zako kama kabati, uzinakili kwenda diski ya nje. Usibonyeze kile kitufe cha kusakinisha, bado.

Sisi tuliazima diski ya nje kwa jirani wa chumba. Kunakili kulichukua usiku tatu, kwa vipande, tukiizima ipoe katikati. Picha karibu zote zilitoka. Video mbili hazikufunguka tena. Kaka alisema, "Si haba, sura yake ninayo." Tunasema haya ili wewe usingoje ile sauti ya tik tik. Kitu cha thamani kikae sehemu mbili, usiku huu.

Vifaa vya kazi

Huhitaji sanduku la fundi. Tafuta hivi:

- Seti ndogo ya bisibisi za nyota, za saizi ndogo za skrubu za laptopu
- Brashi laini, hata ya kupakia rangi, ambayo haijatumika
- Kadi ya plastiki iliyoisha muda, kwa kubanduliza kifuniko
- Spiriti safi ya dukani, pamba, na pesti ya kupozea prosesa
- Trei ya mayai au karatasi yenye michoro, ya kupangia skrubu
- Simu yako, kwa kupiga picha kila hatua

Ile picha ni muhimu kuliko bisibisi. Waya gani ulikuwa wapi, skrubu ndefu ilitoka kona gani: usiku wa manane akili haikumbuki. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kutoboa juu au kugusa kitu ndani.

Fanya kazi mezani, si kitandani. Mablanketi na mazulia yanazalisha umeme tuli, ule unaokupiga kidogo ukigusa mlango wa chuma. Kwako ni mshtuko mdogo, kwa chipu ni kifo. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa chochote ndani. Na kabla ya yote: zima, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, kitu cha kwanza baada ya kufungua kifuniko ni kuchomoa waya wake.

Haiwaki kabisa

Usiseme madabodi imekufa. Anza nje, ingia ndani polepole.

Soketi kwanza. Chomeka simu pale pale, uone kama inachaji. Kwenye vyumba vya watu wanane soketi moja inabeba mzigo mkubwa, na waya za kuongezea hulegea.

Halafu chaja. Soma maandishi madogo mgongoni mwake. Kuna namba mbili za kujali. Volti za kutoka, labda 19 au 19.5, lazima zilingane na zile zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea zinaweza kulingana au kuzidi, lakini zisipungue. Mfano, laptopu inayotaka volti 19.5 na ampea 3.34 inataka wati 65. Ukiipa chaja ya ampea 4.62 yenye volti zile zile, ni sawa, itachukua inachohitaji. Ukiipa ndogo, itachaji kwa kusuasua au itazima ukianza kazi. Pia angalia mchoro wa plus na minus, na ncha ikae vizuri bila kuchezacheza.

Kisha fanya hili ambalo halina gharama. Toa betri na chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30. Unamwaga umeme uliobaki ndani. Rudisha chaja peke yake bila betri, washa. Laptopu nyingi zinazoitwa maiti hufufuka hapo. Ikiwaka bila betri na isipowaka ikiwa nayo, mwenye kosa umempata.

Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini skrini nyeusi

Mulika tochi ya simu kwenye skrini kwa pembe, chumba kikiwa giza. Ukiona picha hafifu kwa mbali, mara nyingi laptopu ni nzima, kilichokufa ni taa ya nyuma ya skrini au waya wake. Usipoona kitu, chukua waya wa HDMI uiunganishe na televisheni. Picha ikitokea kwenye TV, mara nyingi tatizo ni skrini au waya wake, si madabodi. Hapo unaweza hata kuendelea kuitumia na TV kama hutaki kutumia pesa.

Bila picha popote, mshukiwa mkubwa ni RAM. Fungua kifuniko, sukuma vile vibanio viwili vya pembeni kwa nje, kipande kitanyanyuka chenyewe. Kitoe, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli au pamba yenye spiriti, kikauke, kirudishe kwa pembe mpaka kikae sawasawa, kisha kibonyeze chini kishike. Kama vipo viwili, jaribu kimoja kimoja. Vumbi na unyevu wa hapa vinatosha kukata mguso ule. Wengine wametozwa pesa za madabodi mpya kwa kitu cha kufuta na kurudisha.

Ikiwa inalia bip bip inapowashwa, hesabu milio na mapumziko yake. Kila kampuni ina lugha yake, lakini ukitafuta modeli yako mtandaoni utajua milio hiyo inasema nini.

Inazima yenyewe, inachemka

Hii ndiyo ilikuwa ya yule kaka, na ndiyo ya wengi wetu hapa Ghuba. Ikiwaka dakika ishirini, puu, imezima. Ile hali ya kuzima ghafla ni kinga. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, na ikizidi inazima ili isiungue. Fundi asiyetaka kufungua atasema madabodi.

Tulipofungua, kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na blanketi la vumbi, limeshikana kama sufi. Qatar ni nchi ya vumbi laini la jangwani, na laptopu inavuta hewa kutoka chini. Ukiiweka juu ya godoro, umeiziba pua.

Safisha hivi. Shika feni isizunguke, kwa kijiti cha meno, ndipo upige brashi au upulize. Feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Toa lile blanketi la vumbi kwa kibanio, usilisukume ndani.

Ukitoa bomba la kupozea, lazima ubadilishe pesti. Futa ile ya zamani iliyokauka kwa pamba na spiriti mpaka chuma king'ae, weka pesti mpya ukubwa wa punje ya mchele katikati ya prosesa, rudisha bomba, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa pale, zamu kwa zamu, usikaze moja hadi mwisho peke yake. Pesti nyingi sana si sifa, itamwagika pembeni.

Hapa tukiri kosa letu. Tulikazana na skrubu moja kwa bisibisi isiyo saizi yake, kichwa kikaliwa. Ilituchukua nusu saa kuitoa, kwa kuweka mpira mwembamba kati ya bisibisi na skrubu ili ishike. Bisibisi ikiteleza mara ya kwanza, simama, badilisha saizi.

Kwa maisha ya hapa, tunashauri ufungue na kusafisha kila miezi sita. Na usiiache kwenye gari au dirishani. Julai na Agosti joto la nje linapita nyuzi 40, ndani ya gari ni tanuri.

Ni nzito kama konokono

Kama laptopu yako ni ya miaka kumi nyuma na ina diski ya kuzunguka, hakuna dawa ya programu itakayoipa kasi kama SSD. Diski ya zamani ina sahani na kichwa kinachotembea. SSD haina kinachotembea. Nyingi za zamani zinapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, inaingia pale pale ilipotoka ya zamani, skrubu nne tu. GB 240 zinamtosha mwanafunzi.

Cha pili ni RAM. Hapa watu huliwa pesa, maana hazifanani. Laptopu ya kaka ni ya 2014, Core i5 ya kizazi cha nne, inatumia DDR3L. DDR4 haiingii hata ukilazimisha, meno ni tofauti: DDR3 ya laptopu ina 204, DDR4 ina 260. Toa cha zamani uende nacho dukani mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. Yake ilikuwa na GB 4 na nafasi moja tupu, tukaongeza GB 4 nyingine iliyotumika.

Kabla ya kuilaumu RAM au Windows, pima diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma afya yake. Njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ya kaka ilikuwa nyekundu, hata bila tik tik tungejua.

Windows gani sasa?

Hili lina maana kwetu sisi tunaotuma pesa kwa mtandao. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha kwa mpango wa ziada walipewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi. Kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu ya 2014 haimo.

Sasa usiingie akaunti ya benki au ya kutuma pesa kwenye kompyuta isiyopata masasisho. Ni kama kulala na mlango wazi kwa sababu jana hakuingia mwizi.

Sisi tulimpigia binti simu kwanza. Tukamuuliza, "Chuoni mtatumia programu gani?" Akasema, "Baba, ni kuandika kazi na kuingia kwenye masomo ya mtandaoni tu." Tukasakinisha Linux Mint kwenye SSD mpya. Haina gharama, inaendelea kupata masasisho, GB 2 za RAM inaanza na 4 inapumua vizuri. Ina LibreOffice inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Lakini kama kozi inadai programu maalum ya Windows, mfano ya uhasibu au ya uchoraji wa majengo, usifanye hivi. Uliza kwanza, maana kumpa mtoto kompyuta asiyoweza kusomea ni kupoteza pesa mara mbili.

Betri: hapa hatutanii

Ukiona kifuniko cha chini kimeinuka, padi ya kipanya imebenuka au laptopu haikai sawa mezani, huenda betri imevimba. Zima, chomoa, usiichaji tena. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiiviringishe kwenye nguo. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na moto wake ndani ya chumba chenye vitanda vya juu na chini si moto wa mtu mmoja. Iweke mbali na vitu vinavyoungua, ipeleke sehemu inayopokea betri kuukuu. Isiende kwenye pipa la taka.

Betri iliyochoka tu, isiyovimba, hatari yake ni ndogo kuliko hiyo. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, itakupa ripoti: uwezo ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ya kaka ilibaki nusu. Tuliiacha. Mwanafunzi aliye karibu na soketi anaweza kungoja.

Chai imemwagika

Usiangalie kama bado inafanya kazi. Zima papo hapo kwa kushikilia kitufe, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Ifungue iwe kama hema, kibodi ikitazama chini, ngoja siku mbili kwa uchache. Mchele hausaidii, unaongeza unga ndani. Kikausha nywele chenye moto nacho hapana. Chai ya sukari ni mbaya kuliko maji, maana sukari inabaki inakula shaba. Hiyo ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti hata kama inawaka.

Pa kuishia

Kuna mahali nyumbani hapatoshi. Kuchomelea chipu kwenye madabodi, tundu la chaja lililochomelewa, diski iliyokufa yenye kitu usichoweza kupoteza, skrini iliyopasuka kama hujawahi: peleka kwa fundi. Na usifungue kamwe ile chaja yenyewe, ndani kuna vitu vinavyoshika umeme mkubwa hata baada ya kuchomolewa.

Ukienda kwa fundi, nenda kama mtu anayejua:

- Toka kwanza kwenye akaunti za benki, za kutuma pesa na barua pepe. Futa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ikiwezekana toa diski ubaki nayo
- Andika namba za siri za vifaa vya ndani au zipige picha, RAM na diski, ili urudishiwe vile vile
- Uliza bei ya kupima na bei ya kutengeneza, mbalimbali, kabla hajafungua
- Mwambie akuonyeshe kilichokufa. "Madabodi imekufa" bila kukuonyesha ni maneno tu
- Kama anachotaka kinapita nusu ya bei ya laptopu iliyotumika inayofanana, acha

Na jingine: ukiona dirisha linaruka kwenye skrini likisema kompyuta ina virusi, piga namba hii haraka, huo ni wizi. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye onyo la aina hiyo. Zima, usipige, usimruhusu mtu usiyemjua aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali.

Hesabu ya mwisho

Tulichotumia sisi, kwa riali:

- SSD ya GB 240: 75
- RAM ya GB 4 iliyotumika: 25
- Seti ya bisibisi: 15
- Waya wa kuunganishia diski kwa USB: 20
- Pesti: 10
- Brashi, spiriti na pamba: 8
- Metro kwenda na kurudi, riali 2 kwa safari: 4

Jumla 157. Bei za kwako zinaweza kupanda au kushuka, kwa hiyo zunguka maduka mawili matatu ya simu na kompyuta kabla ya kutoa pesa. Na bisibisi, waya na brashi vimebaki, vitatengeneza laptopu za chumba kizima.

Toa 157 kwenye 1,400 ya mkopo, inabaki 1,243. Riali imefungwa kwa 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo hiyo ni kama dola 341. Tulimwambia kaka asiruhusu ile pesa iyeyuke kwa kuwa "haikutumika". Kama ungelipa deni kila mwezi, basi kila mwezi weka kiasi hicho hicho kando siku ile ile ya mshahara. Yeye ameanza kukiweka kwa ajili ya karo ya muhula wa pili.

Ikienda nyumbani

Laptopu iende na mtu kwenye mzigo wa mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 kwa betri. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya 11.1 na 4.4 ni kama 49, uko salama. Unapompa mtu akubebee, ifungue mbele yake iwake, aone ni kompyuta na hakuna kingine. Nawe ukibebeshwa ya mtu, dai uone vivyo hivyo. Usimwonee haya mtu kwenye jambo la uwanja wa ndege.

Plagi ya hapa yenye meno matatu bapa ni ile ile ya Kenya na Uganda, na Tanzania pia inatumika. Chaja iliyoandikwa 100-240V itafanya kazi bila shida. Mwambie aliye nyumbani anunue kilinda umeme, maana stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kazi yako yote inaweza kwenda kwa sekunde moja.

Laptopu ya kaka ilibebwa na mwenzake aliyekwenda likizo. Ndani tuliacha folda moja ya picha za bibi, ile ya mazishi, na nyingine ya zamani bibi akiwa shambani anacheka. Nakala ya pili iko kwenye flashi, kwenye mfuko wa sare ya baba yake hapa Al Wakrah.

Ijumaa ijayo, kabla hujalala, vuta ile yako iliyo chini ya kitanda. Anza na sekunde 30 za kitufe. Hazina gharama.